Dozi ya Sitara

Sehemu ya tisa

"Hivi Daktari, dozi ikiisha, na ugonjwa wenyewe unakuwa umeambiwa?"

Swali hilo jirani yake alimuuliza kabla ya Kwaresma. Walikutana kwenye ngazi. Yeye anapanda na maiki mpya kwenye boksi, mama wa watu anashuka na sufuria ya mtori kichwani. Vitalis akacheka. "Mama Ritha, wewe una maneno," akasema, akapanda zake.

Leo mama huyo huyo amelala chali kwenye ngazi hizo hizo, na mtori umetiririka mpaka mlango wa barabarani.

Hapo ndipo tulipowaacha. Candida, ambaye jengo zima linamwita Mama Ritha, hasemi. Binti yake Ritha amepiga magoti kwenye uji wa ndizi, anaita, "Daktari, Daktari." Na juu, ghorofa ya tatu, mlango umefunguka.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo tu, Vitalis ni mtu wa Bukavu, Kongo. Jina lake kwao ni Vital, ile "-is" ameongezewa Kariakoo. Anaishi Mtaa wa Kongo, na hawajaacha kumtania kwamba alifika mjini akasoma kibao cha mtaa akadhani kawekewa yeye. Kwao alikuwa daktari. Hapa aliuacha udaktari akawa mtunzi. Anaandika hadithi, anazisoma kwa sauti, na watu wanazisikiliza kwenye simu. Hadithi ya sasa ni ya mwanamke mmoja, Sitara. Pita Kariakoo saa ya mchana uone kama hutamsikia Sitara kwa muuza viatu, kwa fundi cherehani na kwa mama anayechambua mchele.

Mama yake Vitalis, kule Bukavu, bado anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anatibu wagonjwa Dar es Salaam. Vitalis hajamsahihisha.

Basi, alishuka pekupeku.

"Msimwinue. Kwanza msimwinue."

"Ameteleza," akasema jirani mmoja aliyesimama chini na ndoo. "Mtori ukimwagika unakuwa kama sabuni."

Vitalis hakumsikiliza. Alikuwa anautazama uso wa Candida. Mdomo, upande wa kushoto, ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Mama, nichekee kidogo."

"Nicheke nini," akajibu Candida, maneno yakitoka mazito. "Nimemwaga chakula cha watu."

"Inua mikono. Yote mbili."

Hapo Kibukavu kilimtoka. Akiogopa, Kiswahili cha kwao hurudi chenyewe. Mkono wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulipanda nusu, ukashuka polepole kama unasinzia.

"Mleteeni maji ya kitunguu swaumu," akasema yule wa ndoo. "Presha hiyo. Itashuka."

"Asimeze kitu. Hata maji."

"Basi nimpe dawa zake za presha," akasema Ritha, tayari amenyanyuka. "Ziko kabatini, nimeziona jana."

"Hata hizo. Zitampalia. Wewe kimbia, leta bajaji mlangoni. Kimbia, Ritha."

Ritha akakimbia. Mtu wa duka la dawa la chini akapanda na kipimo cha presha. Vitalis alikifunga kwenye mkono wa kulia, kikavimba, kikalia, kikatoa namba. Aliitazama mara moja akakizima, kama anayefunika kitu watoto wasikione.

Tangu aache kazi hiyo hakuwahi kumshika mtu mkono kwa namna ile. Vidole havikuwa vimesahau. Hilo nalo lilimuuma.

Akainama sikioni kwa mama. "Mama Ritha, dawa za presha. Leo umekunywa?"

Candida akamtazama kwa mapenzi, kama anayetaka kumfurahisha.

"Si nilimaliza dozi, baba. Kama Sitara."

Vitalis akakivua kile kipimo mkononi mwa mama, polepole.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana neno hilo dogo ndilo lililomwangusha mama huyu.

Bukavu wanasema Kiswahili, lakini Kiswahili chao kimekua nyumba moja na Kifaransa. Kule dozi ni kile unachomeza mara moja. Kidonge cha asubuhi ni dozi. Ukikimeza umemaliza dozi, na kesho kuna nyingine. Kwetu hapa sivyo. Kwetu dozi ni dawa yote toka mwanzo hadi mwisho. Aliyemaliza dozi amepona, anarudi kazini, anadaiwa na watu mchango wa harusi kama kawaida.

Vitalis aliandika hivi: "Asubuhi ile Sitara akamaliza dozi, akajifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda kucheza." Yeye aliona mwanamke anameza kidonge chake, anakunywa maji, anatoka. Kariakoo yote ikasikia Sitara amepona presha.

Wakaupenda huo mstari. Mtu akimaliza kazi anasema nimemaliza dozi. Mwanamke akimwacha mume mlevi anasema nimemaliza dozi. Muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru, mzee Awadhi, akaomba ruhusa akauchapa. NIMEMALIZA DOZI, NIACHENI NICHEZE. Ukaingia sokoni kwa rangi tatu.

Na sasa Ritha alirudi anahema, akachukua boksi la dawa kabatini, akavuta kanga iliyotundikwa mlangoni kwao, akamfunika mama yake wakambeba. Ilikuwa ya njano, mpya. Vitalis hakuhangaika kulisoma jina lake.

Kwenye bajaji Candida alilala mapajani kwa Ritha. Vitalis alikaa na dereva mbele, nusu ndani nusu nje. Nyuma yake akasikia:

"Mama, nani alikwambia uache dawa? Nimefungua boksi, vidonge vyote vimo. Umeviacha tangu lini?"

Candida akaficha uso kwenye gauni la binti yake.

"Mama, niambie. Nani?"

Vitalis aliyakaza macho barabarani. Mikokoteni ya mizigo iliwafungia njia Mtaa wa Mkunguni, na wabeba mizigo hawana haraka na mgonjwa wa mtu. Alitaka kugeuka aseme. Akajiambia, tufike kwanza. Tukifika nitasema.

Walifika. Hakusema.

Hospitali walimpokea haraka, kwa sababu Vitalis aliwapa maelezo yote pale mlangoni kwa lugha yao. Saa alipoanguka, mkono gani, upande gani wa mdomo, namba ya kipimo, dawa alizoacha. Daktari wa zamu, kijana wa miwani, akamuuliza, "Mwenzetu uko wapi?"

"Siko popote," akajibu Vitalis. "Mimi ni jirani."

"Amewahi sana. Bila wewe tungeongea mengine." Kijana akageukia faili. "Ila dawa nani alimkatisha?"

Hapo Ritha akamwinamia mama yake kitandani. "Mama, daktari anauliza. Ni nani?"

Macho ya Candida yakatoka kwa binti yake, yakamfikia Vitalis aliyesimama miguuni pa kitanda, yakatulia hapo kidogo. Kisha akafumba macho.

"Nesi," akasema. "Yule nesi wa zahanati. Alisema nimemaliza dozi."

Ritha akasimama wima. "Evarista?"

Candida akatikisa kichwa kukubali.

Na Vitalis, mtu aliyesoma miaka yote ile, akasimama pale kama nguzo.

Ritha akatoka kwenda dirisha la kuandikisha, simu tayari sikioni. Alipopotea tu kwenye kona, Candida akafumbua jicho moja.

"Usimwambie."

"Mama, umesema uongo."

"Nitatubu. Padri ananijua." Aliongea polepole, akitafuna kila neno kabla ya kulitoa. "Ritha ana hasira za marehemu baba yake. Atakutoa kwenye jengo. Na mimi ndiye nimekuzoea."

"Lakini yule nesi hana kosa."

"Nesi ni mtu wa serikali, wamezoea kusemwa." Akapumzika. "Sasa niambie. Sitara anaolewa na yule fundi wa saa au haolewi?"

"Mama Ritha."

"Niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Isije nikaitwa na Mungu sijui mwisho."

Mtu anayesimulia watu wasiojulikana idadi alikosa sentensi moja ya kumpa mama mmoja. Akamfunika vizuri miguu, akatoka.

Nje kulikuwa na benchi refu la mbao. Akakaa.

Evarista alikuwa mtu wa kwanza kumpa benchi mjini hapa. Vitalis alipofika na vyeti vyake kwenye mfuko wa nailoni, akisubiri vikubaliwe, ni Evarista aliyemwambia, "Njoo utusaidie zahanati wakati unasubiri, kukaa bure kunazeesha." Akawa anapanga wagonjwa, anawapima uzito, anawasimulia hadithi ili wasichoke foleni wakaondoka. Wengine walianza kuja wazima kabisa. Mmoja wao, Bryson, muuza simu wa Mtaa wa Aggrey, alikuja na jipu, akamrekodi, akaituma sauti kwa kila aliyemjua, na mpaka leo ndiye anayemrekodi. Vyeti vilipokubaliwa, Vitalis alikuwa hataki tena kuvaa koti jeupe. Alimwambia Evarista, "Mgonjwa ananijia anaogopa. Msikilizaji anakuja anacheka." Evarista akamjibu, "Sawa. Lakini wote watakuamini."

Na ni Evarista huyo, wiki ya kwanza kabisa, aliyemsikia Vitalis akimuuliza mgonjwa wa malaria, "Leo asubuhi umemaliza dozi?" Mgonjwa akasema bado, Vitalis akataka kumpa vidonge vingine palepale. Evarista akampokonya. Walipobaki wawili akacheka mpaka machozi. "Daktari wetu, hapa dozi ni mwanzo mpaka mwisho. Usije ukaniulia mtu kwa Kiswahili."

Kwa hiyo alijua. Ulitaka kumtetea, najua, hata mimi nilitaka. Alijua.

Simu ikatetemeka. Bryson.

"Dokta, mambo?"

"Poa."

"Sauti yako ya msiba hiyo, unaumwa? Sikiliza. Mzee Awadhi mzigo umekwisha. Anataka wa pili, rangi ya zambarau. Anaomba na sauti yako kwenye tangazo. Neno moja tu, 'Nimemaliza dozi,' halafu ngoma inaingia."

"Ifute ile sehemu."

"Ipi?"

"Ya dozi. Ifute leo. Na leo leo nirekodi nyingine, niseme dawa za presha haziachwi."

Bryson akaguna. "Dokta, hata nikiifuta kwangu, ile imeshasambaa kwenye magrupu mpaka Mtwara. Halafu Sitara anyanyuke katikati ya mapenzi aanze kutoa somo la kliniki? Watatukimbia."

"Kuna mtu ameacha dawa. Yuko hospitali."

"Mmoja?"

"Bryson."

"Nauliza tu, usinikasirikie." Sauti ikashuka. "Ila bro, mimi siku ile nilikuuliza. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nikakwambia, hapo kwenye dozi watu wataelewa amepona. Nikakwambia weka 'akameza kidonge.' Unakumbuka ulinijibu nini?"

Vitalis alikumbuka.

"Ulisema liache, linaimba," Bryson akamalizia. "Nami nikaliacha. Wewe ndiye daktari." Kisha, kama anayetaka kumpoza, "Usijinyonge bwana. Ngoja nikutumie sauti za wasikilizaji, uone watu wanavyokupenda. Zimejaa, sijapata hata muda wa kuzisikiliza."

Simu ikalia kwa ujumbe. Ikalia tena. Ikaendelea kulia. Vitalis akaiweka juu ya goti bila kuifungua.

Ritha alirudi, akasimama mbele yake. Nesi wa wodi alikuwa amemrudishia ile kanga ya njano, mama amevalishwa nguo za hospitali, naye amejitupia begani bila kuiangalia.

"Nimempigia. Anakuja sasa hivi. Namtaka aniambie usoni. Akitoka hapa naenda kwa mganga mkuu wa wilaya, na kazi hana."

"Ritha, kaa kwanza."

"Sikai. Ananipa mama yangu dawa kila mwezi, anamwita shosti, kumbe ndiye anamuua." Machozi yalikuwa karibu, akayarudisha. "Wewe asante. Hata Mungu anajua. Ungekuwa haupo leo..."

"Usinishukuru."

"Kwa nini nisikushukuru?"

Mlango ulikuwa umefunguka pale, msomaji wangu. Mpana. Hakuupita. Alitazama vidole vya miguu yake, bado pekupeku, mtori umekaukia kwenye kucha.

Evarista akafika. Mama mnene, gauni la kazi, jasho usoni, amekuja mbio toka Ilala.

"Habari zenu. Yukoje?"

Ritha hakutoa shikamoo. Mtoto aliyelelewa na Candida, mbele ya mtu wa umri ule, hakutoa. Watu wawili waliokaa benchi la pili wakageuka.

"Ni wewe uliyemwambia mama yangu amemaliza dozi?"

"Mimi?"

"Amekutaja mwenyewe. Amesema nesi wa zahanati."

"Mwanangu, mama yako miezi miwili hajaja kuchukua dawa. Nimempigia, hapokei. Nikamtumia ujumbe kupitia wanajumuiya wenzake wa kanisani, wakaniambia anasema hana shida tena." Evarista aliongea bila hasira. "Nikasema Jumamosi nitakuja mwenyewe. Hapo nimekosa, ningekuja mapema. Lakini kumwambia mgonjwa wa presha amemaliza dozi, hapana. Mimi neno hilo kwa mtu wa presha silitamki kabisa."

"Kwa hiyo mama yangu ni mwongo?"

Macho ya Evarista yalikuwa yameshuka begani kwa Ritha. Akausoma upindo wa kanga, midomo ikicheza taratibu kama asomaye sala. Nimemaliza dozi. Niacheni nicheze.

Alipomaliza kusoma akamtazama Vitalis. Akakaa tu kwenye ncha ya benchi, akaweka mkoba mapajani, akasubiri. Ilikuwa ni kazi yake yeye iliyokuwa inakwenda, na alisubiri.

"Siyo yeye," akasema Vitalis.

Ritha akageuka.

"Siyo yeye, Ritha. Ni mimi. Ni Sitara."

"Sitara gani?"

"Wa hadithi. Mama amesikia Sitara amemaliza dozi, naye akaacha. Aliniambia pale kwenye ngazi, wewe umekwenda kuita bajaji. Dada Evarista, mama amemtaja tu ili kunificha mimi."

Mkono wa Ritha ukapanda begani, ukaishika kanga.

"Hii nilimnunulia mimi," akasema. "Sikukuu. Nikamwambia, mama, vaa, umefanana na Sitara."

Akakaa.

Vitalis akaona huruma inamjia usoni binti yule, naye akaikimbilia. Alikimbilia kama mtu wa mvuani.

"Kwetu Bukavu neno hilo ni tofauti," akasema upesi upesi. "Kwetu dozi ni kidonge cha mara moja. Mtu akimeza cha asubuhi, tunasema amemaliza dozi. Mimi niliandika kwa maana ya kwetu. Niliandika Sitara amekunywa dawa yake. Sikuandika amepona."

"Kumbe," akasema Ritha.

"Ndiyo."

"Kumbe ni Kiswahili tu." Akapangusa macho kwa upindo wa kanga. Akakaribia kucheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama naye. Padri anahubiri kila Jumapili hamsikii, akisema Sitara anatii." Akamgusa Vitalis bega. "Kaka, usijilaumu. Ungejuaje? Wewe ni mgeni. Na leo wewe ndiye umemuokoa."

Kisha akamgeukia Evarista, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Nisamehe. Nimekukosea mbele za watu."

"Marahaba, mwanangu. Ni uchungu wa mzazi."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Nesi kazi yake imepona, mgonjwa amewahiwa, binti amesamehe, na kila alichosema Vitalis kuhusu Bukavu kilikuwa kweli. Shida ilikuwa hapo. Aliwahi kuwapa watu habari mbaya kwa miaka, akipima kila neno kabla halijamfikia mgonjwa. Uongo wa kutengeneza kwa vipande vya kweli alikuwa amejifunza juzi juzi tu, na tazama alivyoupatia.

"Vitalis," akasema Evarista.

Jina tupu. Siku zote alimwita Daktari, hata baada ya koti jeupe kurudi msumarini.

Vitalis akashtuka, kidole gumba kikaigusa simu iliyokuwa gotini, na sauti ya mwanamke ikajaa kile kibaraza.

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni Mama Jacqueline wa hapa Ilala. Nakushukuru sana kwa mafundisho. Na mimi ile presha nimemaliza dozi kama Sitara, nimeviweka pembeni vidonge vyangu. Kichwa tu kinanigonga kidogo asubuhi, najua ni uchovu. Mungu akuzidishie."

Ujumbe wa pili ukajianza wenyewe, mwanamume, mzee kwa sauti.

"Daktari wetu, salaam aleikum. Mimi sina presha, nina kisukari. Nilikuwa nauliza, ile ya Sitara ya kumaliza dozi, na sisi wa kisukari tumo? Maana nimeshaacha sindano tangu Ijumaa, sijaona tatizo."

"Mama yangu," akasema Evarista, akajishika kifua.

Watu wa benchi la pili sasa walikuwa wamesimama. Ritha hakuwatazama. Alimtazama Vitalis, na ule mkono aliouweka begani kwake akauondoa taratibu.

"Uliwahi kuambiwa?" akauliza. "Kabla ya leo. Kwamba hapa dozi siyo hiyo ya kwenu."

Angeweza kusema hapana. Evarista asingemsema, hata mimi ninayeyaandika haya najua asingemsema. Angekaa na mkoba wake mapajani mpaka jioni.

"Niliambiwa," akasema Vitalis. "Dada Evarista aliniambia wiki ya kwanza. Na siku ya kurekodi Bryson akaniambia tena, akaniambia niseme akameza kidonge."

"Ukaliacha."

"Nikaliacha."

"Kwa nini?"

Alitafuta neno zuri, na safari hii hakuliona.

"Lilikuwa linaimba."

Simu ilikuwa imeshafika ujumbe wa tatu. Msichana, anacheka cheka, nyuma yake sokoni wanaita wateja. "Dokta Vita, mambo. Hapa niko na bibi yangu, anataka akusalimie mwenyewe, amemaliza dozi..."

Ritha alisimama. Akaitoa kanga begani, akaikunja mara mbili, akailaza kwenye benchi pale alipokuwa amekaa, jina juu. Akanyoosha mkono akaichukua simu ya Vitalis kutoka gotini kwake. Naye akaiachia.

Akaupita mlango wa wodi alimolala mama yake bila kugeuka, akaipita meza ya askari wa getini, akatoka nje juani, akashika njia ya kwa mganga mkuu wa wilaya, na kwenye kiganja chake bibi wa mtu bado anamshukuru Daktari.